Ndoo, kamba na ruta ya Morogoro

WAYA NA MANENO
Na Rajabu Shemhilu

Kabla sijaanza kulipwa kwa kuandika, nililipwa kwa kufunga mitandao. Ijumaa moja jioni, nikiwa Dar es Salaam, niliingia kwa mbali kwenye ruta ya mteja wetu iliyoko Morogoro ili nizuie anwani moja iliyokuwa ikimsumbua. Nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza, skrini ikaganda. Nikabonyeza tena. Kimya. Mstari ule haukumzuia msumbufu peke yake, ulimzuia kila anayetoka nje, na mimi nilikuwa natoka nje. Aliyewahi kuteka maji akaachia ndoo pamoja na kamba yake anaijua hali hiyo: cha kuopolea nacho kimo humo humo kisimani.

Alfajiri nikapanda basi. Kama kilomita 190, laputopu na waya wa konsoli begini, njia nzima natunga maneno ya kumwambia mteja. Nilipofika, dada wa mapokezi akanipokea kwa tabasamu.

"Pole na safari, kaka. Mbona mtandao ulirudi usiku? Nilichomoa waya wa umeme nikachomeka tena."

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa sijahifadhi. Ruta za Cisco kama ile hushika mipangilio miwili. Mmoja ndio unaofanya kazi sasa hivi, nao hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Wa pili umewekwa akiba, na ndio ruta huusoma inapoamka. Unapobadilisha kitu unagusa ule wa kwanza tu; wa pili hauguswi mpaka uamuru wa kwanza unakiliwe juu yake. Wapo mafundi wenye mkono mwepesi ambao kila mstari wakiuandika wanauhifadhi papo hapo, utadhani wanafukuzwa. Kwa hao, dada wa mapokezi angechomoa waya hadi asubuhi na ruta ingeamka na kosa lile lile.

Nikiwauliza vijana waliotoka vyuoni kosa hufutwaje, hunijibu haraka: unaweka neno "no" mbele ya amri uliyoandika. Ndivyo walivyofundishwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini kufuta na kurudi ulikotoka ni mambo mawili. Chukua orodha ya ulinzi ya namna ya zamani, ile inayoitwa kwa namba, tuseme 101. Ina mistari 20, mmoja umekosewa. Fundi anaandika "no", anaunakili mstari ule mmoja, anatarajia ufutike huo tu. Ruta inafuta orodha nzima. Na lango lililofungiwa orodha isiyokuwepo hupitisha kila kitu, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Mtandao unakwenda vizuri kuliko jana! Akigundua, anaanza kuandika upya mstari wa kwanza. Hapo orodha imezaliwa tena, na mwisho wa kila orodha ya namna hiyo kuna katazo lisiloandikwa: ambaye hakutajwa hapiti. Mistari 19 bado iko kichwani mwake, au kwenye karatasi kama ana bahati. Naye, ikiwa aliingia kwa mbali kupitia lango hilo na mstari wa kwanza haumtaji, yuko nje pamoja na wengine.

Dawa ipo, wala si ngeni. Kwenye ruta hizo, kabla hujagusa chochote, unaandika "reload in 10", yaani baada ya dakika kumi jizime ujiwashe. Unafanya kazi yako bila kuhifadhi. Ikienda sawa unalifuta agizo, ndipo unahifadhi. Ukijifungia nje, kaa usubiri, itaamka na mpangilio wa zamani. Juniper walifanya vizuri zaidi: mabadiliko huandikwa kwanza kwenye rasimu, na amri ya "commit confirmed" huyapitisha kwa masharti, usipoyathibitisha ndani ya dakika kumi yanarudi yenyewe, bila ruta kuzimwa. Hata MikroTik, zile za Latvia ninazozikuta kwenye nyumba za wageni na kwa wauzaji wa intaneti wa mitaani, zina hali ya usalama inayowashwa kwa Ctrl na X. Muunganisho ukikatika, uliyoyafanya tangu hapo yanatenguliwa. Hailipiwi na haichukui hata sekunde mbili. Nimekaa nyuma ya mafundi wengi sana wakiwa kazini. Niliowaona wakiiwasha hawajazi bajaji.

Na asidhani mtu haya ni ya wadogo. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp iliponyamaza, wengi wetu tulizima simu na kuziwasha tukidhani bando limekwisha. Kumbe huko Facebook amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikuwa imeukata uti wa mgongo wa mtandao wao, ikabidi watu waende wenyewe hadi kwenye majengo ya seva. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Julai, kampuni ya Rogers ya Kanada ikawaacha wateja zaidi ya milioni 12 bila huduma. Walikuwa hatua ya sita kati ya saba za kuboresha mtandao. Kikaondolewa kichujio kimoja, taarifa za njia zikafurika, ruta za katikati zikalemewa. Kwa kuwa hatua za mwanzo zilipita salama, mfumo wao wa kupima hatari ulikuwa umeishusha kazi ile kutoka hatari kubwa hadi ndogo. Mtandao wa kusimamia ruta ulitegemea mtandao ule ule uliokufa, na wahandisi walitegemea simu za kampuni hiyo hiyo ili waongee. Ndoo na kamba. Kukijua chanzo tu kuliwachukua saa 14.

Kwa hiyo sina ugomvi na anayekosea. Ugomvi wangu ni na wenye ofisi wanaouliza "umemaliza?" bila kuuliza "ukikosea utarudije?", halafu wanamfokea kijana mpaka safari nyingine aone afadhali afiche. Anayeficha ndiye anayekimbilia kile kitundu cha nyuma na pini. Ruta inarudi kama ilivyotoka dukani, na jina na neno la siri la kuunganishia kwa mtoa huduma vinakwenda na maji. Hapo anatafutwa fundi wa kwanza, ambaye kahamia Mwanza na simu hapokei. Nakala ya mpangilio ni maandishi tu, mara nyingi ndogo kuliko picha moja ya simu. Inatosha kwenye flashi yenye tarehe, ndani ya kabati lenye kufuli, maana ina maneno ya siri.

Zile dakika kumi nazo zina meno, nakiri. Hivi karibuni nilimtembelea kijana niliyemfundisha kazi hii. Akaandika "reload in 10", akamaliza kwa dakika tatu, safi kabisa, akahifadhi. Nikamwambia twende hapo chini tukanywe chai, chapati bado za moto. Tulikuwa kwenye kikombe cha pili tuliposikia kelele juu: mtandao wa ofisi nzima umezimika, mhasibu yuko katikati ya kupeleka mishahara benki. Agizo hakulifuta. Meneja akashuka ngazi mwenyewe, akauliza nani kafanya hivi, na kijana akageuka kuniangalia mimi.