Nta ni Fungu la Ndege



Mwaka 1588, huko Sofala, mmisionari Mdominikani João dos Santos aliona ndege wadogo wakiingia kanisani kula nta ya mishumaa. Ndege hao, wasiofugwa na mtu, huita watu na kuwaongoza hadi kwenye mti wenye nyuki. Mtu hupasua mti na kutwaa asali. Ndege huachiwa nta.

Misitu yetu ya miombo nayo ni makao yao. Lakini kandokando ya Kolwezi tunaikata kwa ajili ya makala na migodi. Rafiki hanyang'anywi nyumba yake. Basi kila kikundi cha parokia kichague kipande kimoja cha msitu, kikilinde. Hiyo si hisani, ni haki: ni kumwachia mwenzetu fungu lake.