Usinunue samaki usiyeweza kumlisha

Kwenye kipindi kilichopita nilitaja tu kwa kupita kwamba nina tangi la maji ya chumvi sebuleni, na tangu hapo swali ni moja: samaki gani wa kwetu naweza kumfuga? Wa kwetu, yaani wa Pwani. Naelewa kabisa linakotoka. Umezaliwa Birmingham, mji ulio mbali na bahari kila upande, halafu unaingia dukani unakuta tangi limeandikwa "Kenya". Moyo unaruka. Wangu uliruka 2021, na samaki niliyemnunua siku ile alikufa njaa mbele ya macho yangu ndani ya wiki saba. Kwa hiyo leo sina orodha ya samaki wazuri. Nina ombi.

Niliyemnunua anaitwa samaki msafishaji, Labroides dimidiatus kwa jina la kitaalamu. Ni mwembamba kama kidole, mweupe na buluu, ana mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani, na anaogelea kama anacheza ngoma. Ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaosafirishwa nje kutoka pwani ya Kenya. Bei yake si kubwa na ni mdogo, ndiyo maana watu wenye matangi madogo tunamkimbilia. Tangi langu lilikuwa la lita 60. Ukitoa mawe na mchanga, labda 50.

Shida ni kazi yake. Msafishaji anaishi kwa kula vimelea, tuseme chawa, walio kwenye ngozi na mashavu ya samaki wengine. Baharini ana kituo chake pale mwambani, na wateja wanakuja wenyewe na kupanga foleni. Mtafiti Alexandra Grutter, aliyefanya kazi kisiwa cha Lizard huko Australia, alikadiria miaka ya 1990 kwamba msafishaji mmoja hula vimelea takriban 1,200 kwa siku. Elfu moja na mia mbili, kila siku. Mimi kwenye tangi nilikuwa na samaki wawili wadogo, wote wazima, hawana chawa hata mmoja.

Nikajiambia nitamfundisha kula uduvi wa kugandishwa, kama wale wengine. Na kweli, siku ya nne aliudonoa. Nikafurahi, nikampiga picha, nikamtumia kila mtu. Hapo ndipo nilipodanganyika, na ndipo wengi mnadanganyika: kuudonoa uduvi si kushiba. Huyu ni samaki wa kula kidogo kidogo kutwa nzima, na mimi nilikuwa natoka kazini saa kumi na mbili jioni.

Basi niongeze chakula, si ndiyo? Niliongeza. Lakini kwenye tangi dogo hesabu haikubali. Chakula kisicholiwa kinaoza na kutoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na maji lita 50 hayana mahali pa kuficha uchafu. Mwani ukaota juu ya mawe, matumbawe yangu mawili yakajikunyata. Nikapunguza chakula, maji yakasafika, samaki akakonda. Nikaongeza tena, tukarudi palepale. Samaki mgumu kulishwa anahitaji chakula kingi, na tangi dogo haliwezi kubeba chakula kingi. Hakuna kifaa nilichokiona dukani kinachoondoa ukweli huo, na wallahi nilivinunua karibu vyote.

Na vifaa ndivyo vinavyotupa kiburi. Maji ya bomba ya Birmingham yanatoka Elan Valley kule Wales, safari ya zaidi ya kilomita 110, tangu 1904. Ni maji laini, mazuri mno kwa chai. Mimi nayachuja tena, natia chumvi gramu 35 kwa kila lita, na nimepata bahari. Mawimbi nimenunua, ni pampu. Jua nimenunua, ni taa. Joto nimenunua, ni hita. Ukishanunua vyote hivyo unaanza kuamini kila kitu kinanunulika. Foleni ya samaki wenye chawa hainunuliki.

Aliyeona wa kwanza alikuwa mamangu. Mama yangu ni mtu wa Mombasa, samaki kwake ni jambo la Jumamosi kwenye soko la Bull Ring na halina mapenzi ndani yake. Alikuja kunitembelea, akainama mbele ya kioo na miwani yake.

"Huyu mbona tumbo limeingia ndani? Wampa nini?"

"Uduvi, Mama."

"Uduvi ndicho chakula chake?"

Nikaanza kumweleza habari za vimelea na vituo vya kusafishia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa ulimnunua ukijua?"

Nilijua. Nilikuwa nimesoma. Wiki mbili baadaye alikuwa amekufa nyuma ya jiwe, kichwa kikubwa kuliko mwili.

Kama mnadhani ni samaki tu hajui kitu: mwaka 2019 watafiti wa Japani walitangaza kwamba msafishaji, akiwekewa alama shingoni mahali asipoweza kuiona bila kioo, hujiangalia kwenye kioo kisha huenda kujisugua palepale penye alama. Wanasayansi bado wanabishana hilo lina maana gani. Mimi sihitaji wamalize kubishana.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: "wa rafiki yangu ameishi miaka." Sawa, wapo. Uliza tangi lake ni lita ngapi, lina samaki wakubwa wangapi, na nani yuko nyumbani kuwalisha mara nne au tano kwa siku. Pale National Sea Life Centre, Brindleyplace, tangi kubwa ni lita milioni moja na kuna watu wanaolipwa kulisha. Wewe una chumba cha kupanga na kazi ya zamu.

Jibu la pili ndilo zito, na nimebishana nalo mwenyewe. Kwamba huko Pwani kuna wazamiaji wanaovua samaki hawa kwa vyavu vya mkono na kulisha watoto wao, na sisi tukikaa Uingereza tukasusa, tunawafungia riziki ili dhamiri zetu zitulie. Sikubali kususa. Lakini tuseme ukweli kuhusu safari yenyewe: samaki ananyimwa chakula siku moja au mbili kabla ya kufungwa ili asichafue maji ya mfuko, anatiwa oksijeni, anapakiwa kwenye sanduku, anapandishwa ndege, anapita kwa muuzaji wa jumla, ndipo anafika dukani. Anaingia kwako tayari ana deni la njaa. Kisha akifa, unarudi kununua mwingine, na mwamba ule ule unatoa mwingine. Kisiwani Lizard waliondoa wasafishaji kwenye vipande vya mwamba kwa miaka minane na nusu, na vipande hivyo vikabaki na samaki wachache zaidi na aina chache zaidi kuliko vile vilivyoachiwa wasafishaji wake. Mzamiaji na jirani yake anayevua changu wanategemea mwamba mmoja.

Mwaka 2023 nilikwenda Kisite, hifadhi iliyo mbele ya Shimoni ambako uvuvi hauruhusiwi. Nilivaa miwani ya kuogelea, nikaelea juu ya mwamba. Chini yangu palikuwa na chewa mkubwa, amesimama tu, mdomo wazi. Msafishaji aliingia mdomoni, akatokea kwenye shavu, akaingia tena. Samaki wengine wanangoja. Nilikaa pale mpaka nahodha akanipigia kelele nirudi kwenye mashua. Alikuwa samaki yuleyule niliyemfuga, ila huyu alikuwa mnene.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwambie muuzaji, "Nionyeshe akila." Atie chakula mbele yako, chakula kilekile utakachompa nyumbani. Mtazame tumbo, mtazame nyama ya nyuma ya kichwa, kama pamebonyea ondoka. Mwache dukani, rudi baada ya wiki mbili, omba tena. Kwa msafishaji, kwa vipepeo wanaokula matumbawe tu, na kwa samaki yeyote anayetegemea wadudu wadogo wa mawe ambao tangi lako halina, usiombe hata kuonyeshwa. Hata akila pale dukani, lita 60 hazimtoshi. Waache.

Na kama moyo bado unataka kitu cha Bahari ya Hindi, mchukue kamba msafishaji, yule mwenye mgongo mwekundu na mstari mweupe. Anapatikana Pwani pia, na anakula chochote unachomtupia: uduvi, mabaki, hata chakula cha samaki wengine anawanyang'anya. Wangu ana mwaka wa tatu. Mama akija huingiza kidole majini, na kamba anapanda na kuanza kumsafisha kucha. Siku hizi anamuulizia kwenye simu kabla ya kuniulizia mimi.