Ramani Mbili za Hewa ya London

London ina ramani mbili za hewa, na wakaazi wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni ya leo: rangi inayobadilika kwenye simu, kijani, manjano, nyekundu, na mambo yakiharibika kabisa, zambarau. Ya pili ni ya mwaka. Hiyo huonyesha, mtaa kwa mtaa, wastani wa moshi wa magari na vumbi laini katika hewa ya mahali hapo, usiku na mchana, masika na kipupwe. Ramani ya leo humsaidia mwenye pumu kuamua kama acheze mpira jioni. Ramani ya mwaka humsaidia mzazi kuamua nyumba ya kupanga, shule ya mtoto na njia ya kwendea shuleni. Kwa afya ya miaka mingi hii ya pili ndiyo yenye uzito, nayo ndiyo isiyofunguliwa.

Zote mbili zinatokana na vipimo, ingawa si kila rangi iliyomo imepimwa. Mtandao wa vituo vya London ulianza mwaka 1993 na sasa uko chini ya Imperial College London, ambacho huchapisha matokeo katika tovuti ya London Air. Kituo cha kawaida ni kibanda kando ya barabara chenye mashine ghali zinazokaguliwa mara kwa mara. Kile cha Marylebone Road kimekuwa kikipima tangu 1997. Vibanda hivyo ni vichache kwa mji mkubwa kiasi hiki, ndiyo maana ukaongezwa mtandao wa Breathe London wenye mamia ya vihisi vidogo, vingi vikiwa vimefungwa kwenye nguzo za taa na karibu na shule na hospitali. Kati ya kituo na kituo, rangi hujazwa na hesabu za kompyuta zinazozingatia wingi wa magari, umbo la barabara na upepo. Hesabu hizo si mbaya, ila hazijui kwamba lori limesimama chini ya dirisha la mtu na injini inanguruma nusu saa nzima. Vihisi vidogo navyo vina udhaifu wao. Siku ya ukungu, aina nyingi huhesabu matone ya maji kama vumbi, na namba hupanda pasipo moshi wowote. Namba ya ajabu kwenye kihisi kimoja haifai kuaminiwa kabla ya kutazama vihisi jirani.

Kati ya vinavyopimwa, vitatu ndivyo vinavyomhusu zaidi mkaazi wa kawaida. Naitrojeni dioksaidi ni gesi ya magari, hasa ya dizeli, nayo hushikamana na barabara: hatua chache kutoka kando ya barabara kuu huwa imepungua sana, na nyuma ya safu ya majengo hupungua zaidi. PM2.5 ni chembechembe ndogo kuliko mikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Hizi husafiri mbali. Nyingine hutoka kwenye breki na matairi, nyingine kwenye majiko ya kuni ya majumbani, nyingine huvuka bahari kutoka viwanda na mashamba ya Ulaya. Mwanzoni mwa Aprili 2014 hata mchanga wa Sahara ulichangia, magari yakaamka yamepakwa vumbi jekundu. Ya tatu, ozoni, ina tabia ya kinyume. Haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari, bali huzaliwa pale jua kali linapochoma gesi nyingine, na kwa kuwa moshi mbichi wa magari huila, huwa nyingi zaidi pembezoni mwa mji na kwenye bustani kuliko katikati ya barabara. Kwa hiyo ushauri wa kumpeleka mtoto bustanini, ambao ni mzuri miezi mingi ya mwaka, haufai alasiri ya joto kali la Julai. Siku hizo asubuhi ni bora.

Serikali ya Uingereza hufupisha vipimo hivi kwa fahirisi ya 1 hadi 10. Kuanzia 1 hadi 3 ni kiwango cha chini, na rangi yake ni ya kijani. 4 hadi 6 ni cha wastani. 7 hadi 9 ni cha juu. 10 ni cha juu sana. Hapa ndipo rangi inapoweza kumpumbaza mtu. Kwa PM2.5, kijani huendelea mpaka mikrogramu 35 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2021 unataka wastani huo usizidi 15. Siku inaweza basi kubaki kijani tangu asubuhi hadi usiku ilhali vumbi limezidi mara mbili ya kile ambacho WHO inashauri. Aliyepanga ngazi hizi hakudanganya. Alikuwa akijibu swali la nani ataugua leo, na wengi hawaugui kwa siku moja. Tena, kwa kuwa namba ya vumbi ni wastani wa saa 24, fahirisi huchelewa. Moshi wa fataki za usiku wa Novemba 5 huweza kuwa umejaa mtaani wakati namba bado inapanda polepole.

Programu za hali ya hewa za simu huongeza mkanganyiko, kwa sababu nyingi hutumia fahirisi ya Marekani inayokwenda hadi 500. Hewa ile ile yenye mikrogramu 34 za PM2.5 husomeka 3 ya kijani kwa Uingereza na karibu 100 ya manjano kwa Marekani. Ndugu wawili, mmoja London na mwingine Minneapolis, wakilinganisha rangi za simu zao watapotezana. Dawa ni kuacha rangi na kutafuta mikrogramu zenyewe, ambazo ramani nyingi huzionyesha mtu akigusa alama ya kituo.

Ramani ya mwaka haina haja ya kufunguliwa kila siku. Mara moja kabla ya kusaini mkataba wa nyumba inatosha, na mara nyingine mtoto anapobadilisha shule. Huingizwa msimbo wa posta, kisha mtaa hutazamwa kwa ukaribu. Kinachotafutwa ni wastani wa naitrojeni dioksaidi na wa PM2.5. Kisheria naitrojeni dioksaidi haipaswi kuzidi wastani wa mikrogramu 40 kwa mwaka, wakati WHO inapendekeza 10, kwa PM2.5 WHO inapendekeza 5, na lengo la Uingereza ni 10 ifikapo 2040. Mtaa wenye 30 za naitrojeni dioksaidi haujavunja sheria yoyote, na bado umezidi mwongozo mara tatu. Hali ilikuwa mbaya zaidi zamani. Sheria huruhusu saa 18 tu kwa mwaka za kuvuka mikrogramu 200 za gesi hiyo, na mwaka 2017 Brixton Road ilizimaliza saa hizo zote kufikia Januari 5. Tangu hapo viwango vimeshuka sana, kwa mabasi mapya na kwa ada ya magari machafu, ULEZ, iliyoanza katikati ya mji Aprili 2019 na kufika manispaa zote Agosti 2023. Ada hiyo, pauni 12.50 kwa siku, imewauma madereva wengi, na malalamiko yao yana msingi; lakini ramani ya mwaka ya sasa si ile ya miaka kumi iliyopita.

Umuhimu wa ramani ya mtaa ulidhihirika katika kesi ya Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa Lewisham aliyeishi karibu kabisa na barabara ya South Circular. Alikuwa na pumu kali, alifikishwa hospitali karibu mara 30 katika miaka yake ya mwisho, na alifariki Februari 2013 akiwa na umri wa miaka 9. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, uamuzi wa kwanza wa aina hiyo Uingereza. Alisema pia kwamba mama yake hakupewa taarifa kuhusu madhara ya hewa hiyo kwa pumu, na kwamba angepewa angechukua hatua ambazo huenda zingemwokoa mtoto. Vipimo vilikuwepo wakati huo. Havikumfikia aliyevihitaji.

Hatua zenyewe ni za kawaida. Njia ya kwenda shule huhamishiwa mtaa wa nyuma, hata ikiongeza dakika tano. Anayelazimika kupita barabara kuu hukaa upande wa ndani wa njia ya miguu, na kigari cha mtoto hakisimamishwi ukingoni mwa barabara wakati wa kusubiri taa, maana kimo chake kinalingana na mabomba ya moshi. Kumpeleka mtoto kwa gari si kinga: ndani ya gari lililokwama kwenye foleni hewa ni ya magari yaliyo mbele. Madirisha yanayotazama barabara hufunguliwa nje ya saa za msongamano.

Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo ana kazi ya ziada fahirisi ikifika 4. Ushauri rasmi ni kufikiria kupunguza shughuli za kuchosha nje iwapo ana dalili, na ikifika 7 apunguze hasa. Pampu ya kutuliza isiachwe nyumbani. Ile ya kinga itumike kila siku kama daktari alivyoagiza, hata siku za kijani, kwani haifanyi kazi kwa kushtukiza. Huduma ya bure ya airTEXT hutuma ujumbe wa simu hewa inapotarajiwa kuharibika, jambo linalowafaa wazee wasiopenda kuchezea ramani.

Kuna mahali ramani haioni. Treni za chini ya ardhi zina vumbi la chuma kutoka reli, magurudumu na breki, kwa kiwango kinachozidi sana cha barabarani, hasa njia ya Victoria ambayo abiria wake hawatoki juu hata kituo kimoja. Ndani ya nyumba nako hakuna rangi. Jiko la gesi hutoa naitrojeni dioksaidi, mafuta ya kukaangia hutoa vumbi laini, na chetezo cha udi au ubani katika sebule ndogo iliyofungwa madirisha kwa baridi huweza kuifanya hewa ya ndani kuwa mbaya kuliko ya barabara iliyo nje. Hakuna anayetaka kuwanyima watu udi wa Ijumaa. Dirisha liwe wazi, mkaa uwashiwe nje ya nyumba, na mwenye pumu awe chumba kingine mpaka moshi utoke.

Wakaazi wa London wanaokwenda nyumbani Afrika kwa likizo hukuta ramani zenye mapengo. Kampala imehudumiwa vizuri na AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2015 na kutengeneza vihisi vyake wenyewe kwa mazingira ya vumbi na joto. Vihisi hivyo sasa viko katika miji mingine ya Afrika. Kwingineko vituo vya balozi za Marekani vilikuwa tegemeo kubwa, lakini Machi 2025 serikali ya nchi hiyo iliacha kutoa takwimu zake hadharani. Pasipokuwa na kituo, programu ya simu hupaka rangi ya makadirio ya setilaiti, na makadirio hayo hayaoni takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba wala moshi wa mkaa wa jirani. Mzazi anayesafiri na mtoto mwenye pumu wakati wa kiangazi hufanya vyema kumwona daktari kabla ya safari, kubeba pampu za kutosha muda wote katika mkoba wa mkononi, na kuuliza mapema hospitali ya karibu iliyo na mashine ya kuvutia dawa.