Toa Spika Ukutani Kwanza, Ndio Useme Ni Mbaya

Wacha niseme kitu kitakera watu: spika zako si mbaya. Umeziweka vibaya. Na kama umekulia Nairobi kama mimi, umeziweka vibaya kwa sababu kwetu kila kitu cha sebuleni lazima kiguse ukuta. Kochi ukutani, kabati ukutani, TV ukutani, spika ukutani. Katikati tunaacha wazi, labda wageni watakuja na densi.

Hii kitu nimeiona vizuri kwa anko wangu, Umoja.

Anko aliendeshea familia moja ya wageni gari kwa miaka 19. Walipohama nchi wakamwachia vitu viwili vyeusi, vipana, kama milango ya friji ndogo iliyovishwa soksi. Wakamwambia ni spika nzuri sana, azitunze. Hakuna kingine cha maana alipewa. Miaka 19, wasee. Akazibeba nyumbani, akazisimamisha pande mbili za TV zikiwa zimebana ukuta, akaunganisha na ampu yake ya zamani, akaweka rhumba. Sauti ikatoka nyembamba kama redio ya kibandani. Anti akacheka. Anko hakucheka. Kichwani mwake, alikuwa amepewa takataka ili wenyewe wasilipe mtu wa kuzitupa.

Aliponipigia, fundi mmoja wa mtaa alikuwa ashampa bei: 8,000 kwa zote mbili, azifungue atoe transfoma. Nilipoona picha WhatsApp nilimwambia, "Anko, tafadhali, nipe wiki mbili tu."

Zilikuwa Quad ESL-63. Kwa wenye hawajui, hizi ni spika za elektrostatiki, zilibuniwa Uingereza na Peter Walker na zikaanza kuuzwa 1981. Hiyo 63 ni mwaka alioanza kuzifanyia kazi. Jamaa alikaa na wazo moja miaka 18, na mimi nilikaa chuo miaka miwili tu. Tuendelee.

Ndani hakuna ile koni ya karatasi umezoea, na hakuna boksi. Kuna filamu ya plastiki nyembamba kuliko unywele, imetandazwa kati ya sahani mbili zenye matundu. Filamu inashikilia umeme wa zaidi ya volti 5,000, ndio maana kila spika ina waya wake wa stima, na ndio maana nakuomba usifungue nyuma na bisibisi yako, hata ukiwa umechomoa. Muziki ukiingia kwa sahani, filamu nzima inavutwa huku na kusukumwa kule. Ni nyepesi hivi kwamba inafuata kila kitu, hadi msanii akivuta pumzi kabla ya kuimba unasikia.

Sasa, kwa sababu hakuna boksi, sauti inatoka mbele na nyuma kwa nguvu ile ile. Lakini ya nyuma iko kinyume: filamu ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Hiyo sauti ya nyuma inagonga ukuta na kurudi. Ukibana spika ukutani, inarudi mapema sana na kuharibu ile ya mbele. Hesabu si ngumu. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Spika ikiwa sentimita 30 kutoka ukutani, sauti ya nyuma inaongeza safari ya sentimita 60, haimalizi hata milisekunde 2. Sikio haliwezi kutenganisha, linapata uji. Na besi ndio inaumia zaidi, maana mawimbi yake ni marefu. Noti ya hezi 50 ina urefu wa karibu mita 7. Kwa wimbi kama hilo sentimita 60 si kitu, kwa hivyo ya nyuma inarudi bado iko kinyume na ya mbele, zinafutana. Ndio hapo anko akasema hazina besi. Besi ilikuwepo, ukuta ndio ulikuwa unaila.

Hii mambo ya mawimbi nilifundishwa mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, na nikafeli. Nimeielewa nikisukuma spika kwa magoti juu ya kapeti ya anti.

Sebule yao ni futi 12 kwa 15. Nilitoa spika futi 4 kutoka ukutani, nikaziacha futi 6 kati ya moja na nyingine, nikavuta kiti kimoja nacho kikae futi 4 kutoka ukuta wa nyuma. Kamba ya kuanikia nguo ndio ilikuwa kipimo changu: kutoka kitini hadi spika ya kushoto, kisha ya kulia, lazima zilingane. Nikaziinua juu ya matofali mawili mawili, kwa sababu hazifiki hata mita moja na zilikuwa zinaimbia magoti. Halafu kazi yenyewe: weka wimbo wenye sauti ya mtu mmoja, songeza sentimita 5, keti, sikiliza, inuka, songeza tena. Nilifanya hivyo jioni mbili. Unajua umefika pale sauti ya mwimbaji inapoacha kutoka kwa spika na kusimama katikati, mahali hakuna kitu.

Ukuta wa pembeni haukunisumbua sana, na hii ndio raha ya hizi paneli. Upande kwa upande sauti ya mbele na ya nyuma zinakutana na kufutana, kwa hivyo ukisimama ubavuni mwake ni karibu kimya. Zile sponji za pembe pembe kila mtu anauziwa mtandaoni? Nyembamba vile, zinameza noti za juu tu, besi inapita kama haijaziona. Nyuma ya spika niliweka rafu ya anti yenye vitabu na makopo ya maua. Inatawanya sauti vizuri na haikununuliwa.

Najua unataka kuniambia nini. "Msee, mimi naishi bedsitter Roysambu, futi 4 nitatoa wapi?" Haki yako. Kwa bedsitter, usitafute spika za elektrostatiki hata ukipewa bure, nunua hedifoni nzuri. Lakini kama una spika za kawaida za boksi, zitoe hata sentimita 40, ziondoe kwa kona, halafu sikiliza kabla hujatuma pesa ya wufa kubwa zaidi. Nakerwa sana na sisi wa kutengeneza video tunaowaambia mnunue, nunueni, nunueni, na hatujawahi kuwaambia msongeze kiti. Nami nimefanya hivyo. Kusongeza kiti hakuna mtu anakulipa kutangaza.

Na kasoro zipo, siwezi kuzificha. Kiti kimoja tu ndio kinapata picha kamili. Ukikaa pembeni, kila kitu kinaegemea upande mmoja. Besi yake ni safi lakini si ya kutikisa madirisha, mtu wa gengetone atalia. Na zinamaliza sebule. Anti aliingia akapata spika katikati ya nyumba kama watu wawili wamesimama kuomba, akaniuliza, "Kijana wangu, wageni watapitia wapi?" Sikuwa na jibu. Bado sina.

Anko alikuja usiku huo amechoka. Nilimkalisha kwa kile kiti, nikaweka Franco na TPOK Jazz. Alinyamaza muda mrefu. Magitaa yalikuwa yanajibizana, moja huku, moja kule, na mwimbaji yuko pale mbele ya TV iliyozimwa. Anko akanyoosha mkono akionyesha hewa, akauliza, "Na huyu amesimama wapi?" Halafu akataka irudiwe. Mara ya tatu akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, "Kumbe hawakunidharau." Mimi nilitoka nje kidogo.

Kuhusu hao watu na miaka yake 19, maoni yangu ni tofauti na yake, lakini hayo ni yake.

Fundi bado anapiga simu, sasa amefika 12,000. Na Jumamosi chama cha anti kinakutana pale, wamama 14, kwa hivyo Ijumaa usiku nitaenda kurudisha spika ukutani. Nimebandika selotepu sakafuni, vipande vinne, chini ya kapeti. Jumapili anko anazivuta mwenyewe.