MAMBO YA ULIMWENGU: Jiwe Nalo Huoza

Mtu afikaye Mwanza mara ya kwanza, akiyatazama majabali yaliyopandana juu ya vilima, huuliza: Ni nani aliyeyapanga? Na lile Jiwe la Bismarck lisimamalo majini karibu na ufuo wa Ziwa Viktoria, hudhani upepo mmoja tu utaliangusha. Walakini hakuna aliyeyapanga. Hayo ni mabaki ya mwamba mmoja, na sehemu iliyokwisha kuondoka ni kubwa kuliko iliyobaki.

Mwamba huo ni matale, nao ulipoa chini sana ya ardhi, yapata miaka 2,500,000,000 na zaidi iliyopita. Nchi iliyokuwa juu yake ilipoliwa na mvua na mito, mwamba ulipunguziwa mzigo, ukapasuka nyufa za kusimama na za kulala, ukawa kama matofali makubwa. Maji ya mvua yakaingia. Na maji ya mvua si maji matupu: angani huchukua hewa ya ukaa, na katika udongo wenye mizizi na majani yaliyooza huchukua nyingi zaidi, hata yakawa na ukali kidogo, kama ndimu iliyotiwa maji mengi.

Vunja kipande cha matale utazame ndani. Utaona ulanga ung'aao, na chembe ngumu kama kioo, na chembe nyeupe au za rangi ya waridi ziitwazo felspa. Maji yale hayaziwezi chembe za kioo. Bali felspa huilegeza kidogo kidogo mpaka ikawa udongo wa mfinyanzi. Hapo chembe za kioo hazina tena kizishikacho, nazo huanguka zikawa mchanga. Pembe za tofali huliwa upesi, kwa kuwa hushambuliwa pande tatu. Ndiyo sababu jiwe huwa la mviringo. Wengi hudhani jua na upepo ndivyo vilivyoyachonga. Jua lina sehemu yake, maana husaidia kuambua magamba ya jiwe, lakini kazi kubwa imefanywa na maji, tena gizani, chini ya ardhi. Baadaye mvua ikauchukua ule udongo laini, na viini vigumu vikabaki, kimoja juu ya kingine.

Sasa nataka wenye nyumba wasikie. Katika vilima hivyo watu wamejenga kati ya majabali hata juu kabisa. Mmoja huchimba chini ya jiwe apate uwanja ulio sawa. Mwingine huchukua mchanga wake wa kujengea. Siwalaumu, kwa kuwa kiwanja cha bondeni hakipatikani kwa fedha kidogo. Lakini udongo ule si takataka iliyojilundika hapo. Ni mwili wa mwamba ule ule, uliooza bila kuondoka mahali pake, nao ndio unaolishika jiwe lisibingirike. Na jiwe la mviringo lenye upana wa meta 2 tu lina uzito wa tani 11 hivi.

Basi tazameni maji ya mvua yapitapo. Yakitoka chini ya jiwe yamechafuka, yanachukua udongo. Mkiona mizizi iliyokuwa imefunikwa mwaka jana sasa i wazi, au ufa mpya katika ardhi kando ya jiwe, watoto wasilale katika chumba kilicho upande wake wa chini. Maji ya paa yachimbiwe mfereji yapite mbali. Majani na vichaka vilivyoota kandokando visipaliliwe kwa ajili ya usafi wa uwanja, kwani mizizi yake midogo hushika udongo. Mti mkubwa uliojipenyeza katika ufa wa jiwe ni habari nyingine: mzizi wake hunenepa mwaka kwa mwaka ukilisukuma, na ukikatwa ukaoza, huacha njia ya maji. Huo msiuguse wenyewe. Mwiteni fundi ajuaye kazi ya mawe autazame kabla ya mvua za vuli.