Bastola ya Sinema na Risasi ya Kweli

Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Nionavyo mimi, ni vyombo vichache vinavyouthibitisha usemi huo kama bastola iitwayo Desert Eagle, yaani Tai wa Jangwani. Kijana wa Kisumu Ndogo, awe wa Kibera au wa Kawangware, ambaye hajapata kushika silaha maishani mwake, aweza kukuchorea umbo la bastola hiyo pembezoni mwa daftari lake. Ameijulia wapi? Ameijulia kwenye kioo cha televisheni. Kwa hiyo yafaa walimu na wanafunzi waijue historia yake, kwani ni somo juu ya namna sifa inavyotengenezwa.

Neno magnum hutumiwa kwa risasi iliyopakiwa baruti nyingi kuliko kawaida. Risasi ya kwanza ya bastola kuitwa hivyo ilitoka Marekani mwaka 1935, nayo ilitumiwa katika rivolva. Mwaka 1971, mwigizaji Clint Eastwood aliibeba rivolva ya magnum katika filamu ya Dirty Harry, na watu wakamiminika madukani kuitafuta. Tangu hapo wenye viwanda walitambua kuwa sinema ni soko.

Kampuni ya Magnum Research, iliyoanzishwa mwaka 1979 katika jimbo la Minnesota, ilitaka bastola iwezayo kujipakia yenyewe risasi hizo kali. Kiwanda cha silaha cha Israeli kiliikamilisha na kuiunda. Badala ya mtindo wa kawaida wa bastola, chombo hiki hutumia gesi ya baruti kusukuma mitambo yake, kama zifanyavyo bunduki za askari. Mwaka 1991 ikaja ile ya risasi yenye unene wa nusu inchi. Uzito wake wakaribia kilo mbili, sawa na pakiti ya unga wa ugali tunayoinunua dukani. Huchukua risasi saba tu, na mshindo wake huutingisha mkono wa mfyatuaji.

Silaha ya namna hii haimfai sana askari wa doria. Ni nzito, ni ghali, tena haifichiki. Lakini kasoro hizo ndizo zilizoipendeza kamera. Mwaka 1985 ilionekana katika Year of the Dragon, na mwaka uo huo Arnold Schwarzenegger akaibeba katika Commando. Mwaka 1993 akairudia katika Last Action Hero. Katika The Matrix ya mwaka 1999, wanaume wenye suti na miwani myeusi waliifyatua juu ya paa, na mhusika mkuu akazikwepa risasi kana kwamba ni mawe ya mtoto. Basi umaarufu wa bastola hii haukutokana na vita vyovyote ilivyoshinda, bali na mwonekano wake.

Filamu hizo zilitufikia. Kwa miaka mingi vibanda vya video vya mitaa yetu vimekuwa ndivyo kumbi za sinema za mtu wa kipato kidogo. Baadaye watafsiri kama DJ Afro wakazitilia maneno ya nyumbani, na watazamaji wakacheka hadi machozi. Siyalaumu burudani hayo. Mwenye kazi ngumu ana haki ya kucheka. Ninachokihoji ni ile kanuni isemayo kuwa staringi hafi. Risasi humpitia pembeni, na akijeruhiwa hujifunga kitambaa akaendelea na safari.

Kisumu Ndogo ya kweli haina staringi. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 iliandika kuwa watu 1,133 waliuawa nchini, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Hakuna aliyezikwepa risasi hizo juu ya paa la mabati. Waliobaki walikuwa akina mama waliotafuta maiti, na watoto waliorudi darasani wakikaa karibu na dawati tupu.

Kuna na hatari nyingine isiyosemwa. Katika filamu ya Snatch ya mwaka 2000, wezi wenye bastola za bandia wanafedheheshwa na mtu mwenye Desert Eagle ya kweli, na watazamaji wanacheka. Hapa kwetu mzaha huo hauna kicheko. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuwa mwizi anayetumia nguvu, akiwa na mwenzake hata mmoja, ametenda kosa la wizi wa mabavu, ambalo adhabu yake ni kifo. Kijana wa aina hiyo mwenye bastola ya mti hataokolewa mahakamani kwa kusema kuwa haikuwa na risasi. Tena huenda asifike mahakamani, kwani polisi au umati hautangoja kuikagua.

Wakenya wenzetu wamekwisha kuijibu sinema kwa sinema. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, yamwonyesha Mwas, kijana anayeuza filamu za kigeni huku akiyaiga maneno ya mashujaa wake. Anapoingia mjini, bunduki inakuwa ya kweli na rafiki zake wanakufa. Filamu hiyo haikumficha mtazamaji gharama ya risasi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wasikomee kuwapiga marufuku wanafunzi kuingia vibandani. Marufuku huzaa uchu. Wawaulize: Ni nani aliyeiunda silaha hii? Ni nani anayefaidika ikionekana? Mtu aliyepigwa risasi katika filamu ile alikuwa na mama? Aliuguzwa wapi, na kwa pesa za nani? Mwanafunzi anayejizoeza kuuliza hayo aweza kuitazama filamu hadi mwisho, akaifurahia, na akatoka kibandani akijua kwamba bastola aliyoiona ilikuwa na mwenye kuiuza.