Tuilime Spirulina Wenyewe, Tena Ipimwe

Ndugu zangu wa Nakuru, Baringo na Homa Bay, flamingo wadogo wanaojaa kwenye maziwa yetu ya magadi chakula chao kikuu ni spirulina, kiumbe kidogo kinachoyapa maji rangi ya kijani. Ikikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na ina madini ya chuma, ambayo mama wajawazito wengi wanayakosa. Huko Chad, wanawake wa Kikanembu huichota ziwani, huimwaga mchangani ikauke, huikata vipande na kuiuza sokoni kwa jina la dihe. Huungwa mchuzi.

Kwetu inauzwa kwenye maduka ya dawa, ndani ya vichupa, kwa bei isiyoshikika. Na utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mimi nasema tuilime.

Lakini tafadhali, asiende mtu ziwani na ndoo. Nakuru na Bogoria, watafiti wamekuta viumbe wa jamii hiyohiyo wanaotoa sumu inayoharibu ini, sumu iliyohusishwa na vifo vya flamingo. Spirulina ya kuliwa hulimwa kidimbwini: nailoni chini, maji safi, magadi ya kupikia, chumvi, virutubisho kidogo na mbegu kutoka maabara. Maji hukorogwa mchana kutwa. Yakikolea kijani huchujwa kwa kitambaa, donge likakamuliwa, likasukumwa litoke kama tambi, likaanikwa juu ya wavu.

Kazi hiyo itamshinda mtu mmoja, ila chama cha akina mama kinaiweza kwa zamu. Kijiko cha chai kwenye uji wa mtoto, uji ukishaepuliwa, kinatosha. Omena na maharagwe vibaki palepale, maana spirulina haichukui nafasi ya vyakula hivyo.

Kinachotukwamisha ni vipimo. Kaunti inapoita wananchi watoe maoni ya bajeti, twende kwa wingi tudai fedha za kupima sumu na metali nzito katika mavuno ya vikundi, kwa ada ambayo chama kinaimudu. Na kikao chenu kijacho cha chama, kabla ya kugawana mkopo, ulizaneni nani ana kiwanja chenye jua na maji ya mfereji.